Kumaliza Mfarishi wa Krismasi

Fundisho la Majilio kwa nyumba za Wakristo, na kwa walimu na wainjilisti wanaofundisha vikundi vya kina mama. Yasomwe kwanza: 2 Wakorintho 8:10–12, Matendo ya Mitume 9:36–42, Kutoka 36:8–13 na 39:32–43.



Mwaka unapokaribia mwisho, ziko nyumba nyingi za Wakristo ambamo kazi ya mikono imelala sandukuni. Ilianzwa kwa furaha. Vipande vikakatwa, rangi zikachaguliwa, jirani wakaja kutazama wakasifu. Kisha ikakunjwa ikawekwa, ikingoja siku ya nafasi, na siku hiyo haijaja. Twataka kunena habari ya kazi moja ya namna hiyo, yaani mfarishi wa viraka unaoshonwa kwa mkono uwe zawadi ya Krismasi. Na neno letu ni moja: kazi ya upendo humfaa jirani hapo inapomalizwa.

Mfarishi ni nguo ya kujifunika yenye tabaka tatu. Tabaka ya juu ndiyo uso wake, nao ni vipande vingi vilivyounganishwa kwa mpango: vipande vya kanga kuukuu, vya kitenge, vya shati la mzee lililochakaa viwikoni lakini mgongoni bado ni zima. Tabaka ya katikati ni pamba, au blanketi kuukuu, nayo ndiyo iletayo joto. Tabaka ya chini ni bitana, nguo nzima isiyo na maua, kama vile merikani. Tabaka hizo zikishikamanishwa kwa mishono au kwa mafundo, na ukingo ukifungwa pande zote nne, ndipo tunapata mfarishi. Kabla ya hapo tuna vipande vya nguo tu, na usiku wa baridi havimsaidii mtu.

Nguo hiyo ya merikani yapata jina lake kwa nchi ya Marekani, maana wenye merikebu wa huko waliileta Unguja katika karne ya 19. Na ufundi wa mfarishi wa viraka nao umesitawi sana katika nchi hiyo. Huko Krismasi huja katika majira ya baridi. Katika sehemu za kaskazini, kama Minnesota ambako Walutheri ni wengi, theluji hufunika mashamba na njia. Kwa hiyo mfarishi wa sikukuu, ambao mara nyingi hushonwa kwa vipande vyekundu na vya kijani, si pambo la kutazamwa tu. Mtu aweza kujifunika usiku uleule aliopewa. Tena tangu zamani ilikuwa desturi ya kina mama wa huko kukusanyika pamoja, wakauvuta mfarishi juu ya kiunzi cha mbao, wakakaa kuuzunguka, kila mmoja na sindano yake. Angalieni neno hili: mara nyingi uso wa mfarishi ulishonwa na mama mmoja nyumbani kwake, lakini kuumaliza kulikuwa kazi ya wengi. Walijua ya kwamba mahali pa kuchoka ni mwishoni, na hapo ndipo mtu ahitajipo wenziwe.

Mwaka 1945, vita vikuu vilipokwisha, watu wengi sana wa Ulaya walikuwa hawana nyumba wala mavazi. Makanisa ya Kilutheri ya Marekani yakaanzisha shirika la msaada liitwalo Lutheran World Relief. Hata leo katika sharika za huko hushonwa mifarishi, nalo shirika huipeleka kwa wakimbizi na kwa watu waliopatwa na maafa katika nchi nyingi. Imefika hata Tanzania. Kipimo chake ni inchi 60 kwa inchi 80, yaani kadiri ya sentimeta 150 kwa 200, imtoshe mtu mzima. Na washonao huambiwa wasitie katika uso wake alama ya dini wala bendera, kwa kuwa atakayejifunika ni mtu yeyote mwenye haja. Mtu alalaye nje katika baridi haulizwi kwanza habari ya dini yake. Mkristo amwonapo mhitaji, amefika kwa jirani yake.

I. Neno la Mungu lasemaje juu ya kumaliza?

Mtume Paulo alikuwa akikusanya sadaka katika sharika za Makedonia na Akaya, apate kuwapelekea watakatifu maskini wa Yerusalemu. Wakorintho walikuwa wa kwanza kuitaka kazi hiyo, na walikuwa wameianza tangu mwaka uliopita. Lakini ikakwama. Paulo hawagombezi kwa sababu ya nia yao. Nia yao aisifu. Awaambia tu waimalize, ili kutimiza kwao kulingane na kutaka kwao. Kisha aongeza neno la faraja: mtu hukubaliwa kwa kadiri ya alicho nacho, wala hadaiwi kile asicho nacho.

Tulitafakari sana neno hili la mwisho, maana wengi husimama njiani kwa sababu yake. Mama huona vipande vyake havilingani na vile alivyoviona kwa mwenziwe, au nguo nyekundu imekwisha na dukani hakuna iliyo sawa nayo. Basi huacha yote. Lakini mara nyingi mfarishi umeshonwa katika nyumba za watu waliokuwa hawana nguo nzima ya kutosha. Nyekundu ikikwisha, tia buluu. Bitana isipopatikana nzima, unga nguo mbili. Jirani aliyefunikwa hatauliza kwa nini upande mmoja una rangi nyingine.

Mfano wa pili ni Dorkasi wa Yafa, ambaye jina lake maana yake ni paa. Alipokufa, wajane walimzunguka Petro wakilia, wakamwonyesha kanzu na nguo alizowashonea alipokuwa pamoja nao. Hawakumwonyesha uzi wake, wala nguo alizokusudia kuwashonea mwaka ujao. Walimwonyesha mavazi yaliyokwisha. Kifo kilimkuta mwanamke huyu akiwa na ushuhuda mikononi mwa watu, wala si sandukuni mwake.

Mfano wa tatu ni hema ya kukutania. Watu walisokota na kufuma, wakatengeneza mapazia 10, wakayaunga matano matano. Wakatia vitanzi 50 upande huu na vitanzi 50 upande huu, na vifungo 50 vya dhahabu, wakayaunganisha; na Maandiko yasema maskani ikawa kitu kimoja. Hapo nyuma yalikuwa mapazia mazuri, lakini hayakuwa maskani. Kazi yote ilipokwisha Musa aliikagua, akaona ya kuwa wameifanya kama Bwana alivyoagiza, akawabariki. Vitanzi na vifungo ni vitu vidogo, naye asomaye upesi huvipita. Lakini pasipo hivyo mapazia yangebaki mbalimbali.

II. Majuma manne ya kumaliza

Kanisa limetupa Jumapili nne za Majilio tujiweke tayari. Mwenye mfarishi uliokwisha kushonwa uso wake aweza kuzifuata kama ngazi, kila juma kazi yake.

Juma la kwanza: kukagua. Geuza uso wa mfarishi, tazama upande wa nyuma. Vuta kila mshono kidogo kwa vidole. Unaofunguka ushone tena, maana ukifunguka baada ya tabaka kuunganishwa, kuutengeneza ni taabu. Kata nyuzi zilizoning'inia, hasa nyuzi nyeusi zilizo nyuma ya kipande cheupe, kwa kuwa zitaonekana kwa mbele. Kisha lowesha kidogo vipande vyekundu na vya kaniki, uvikandamize kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikishika rangi, ufue uso wote peke yake mpaka maji yatoke safi, ama kufua kwa kwanza kutaharibu kila kilicho cheupe. Bitana mpya nayo ifuliwe kabla ya kushonwa, kwa kuwa nguo ya pamba hurudi. Mwisho piga pasi, uchukue kamba upime kutoka pembe hadi pembe. Kama pande zinazoelekeana zi sawa, na vipimo viwili vya pembe vi sawa, mfarishi umenyoka.

Juma la pili: kutandaza tabaka. Fagia sakafu, tandika mkeka. Weka bitana chini, uso wake ukielekea mkeka, uinyoshe na kuibana kwa mawe katika pembe. Bitana iuzidi uso wa mfarishi kwa inchi 2 kila upande. Juu yake weka pamba au blanketi kuukuu, kisha uso wa mfarishi ukitazama juu. Sasa piga bandi, yaani mishono mirefu ya kushikiza tu, itakayoondolewa baadaye. Anza katikati ukielekea pembeni, kama miali ya jua. Ukianza pembeni, makunyanzi yote yatakimbilia katikati, na huko hayana pa kutokea. Hapa mwalimu aweza kuwauliza wanafunzi wake: katika nyumba iliyo na ugomvi, twaanza kunyosha wapi?

Juma la tatu: kuunganisha. Ziko njia mbili. Ya kwanza ni kudarizi, yaani kupitisha mishono midogo katika tabaka zote tatu kwa kufuata mistari. Ni kazi nzuri, nayo hutaka siku nyingi. Ya pili ni kufunga mafundo, na kwa mwenye majuma mawili tu hii ndiyo ifaayo. Chukua uzi mnene na sindano yenye tundu kubwa, uvae subana. Shusha sindano mpaka bitana, uipandishe karibu na pale iliposhukia, ukate uzi, ufunge: kwanza mkia wa kulia juu ya wa kushoto, kisha wa kushoto juu ya wa kulia. Ukifunga mara mbili kwa upande uleule, fundo litalegea. Ikiwa katikati ni blanketi, mafundo yaachane inchi 6 au 7. Ikiwa ni pamba tupu, yawe karibu zaidi, inchi 3 au 4, ama pamba itakimbia na kufanya uvimbe mahali pamoja na utupu mahali pengine. Na yule mzee atakayejifunika atapata baridi palepale penye utupu.

Juma hili la tatu ndilo wengi wanalolikimbia. Kuchagua rangi kwafurahisha, na kushona vipande kwaonyesha matunda kila jioni. Bali kufunga mafundo ni jambo lilelile mara mia na zaidi, na kwa mbali mfarishi waonekana vilevile kama jana. Basi waiteni wenzenu. Kina mama wanne wakikaa pande nne, na mmoja akiwasomea masomo ya Majilio, kazi ya siku nyingi yaweza kwisha kwa alasiri moja au mbili. Nao vijana wa kipaimara, wa kiume na wa kike, hapana haja ya kuwaacha nje; kufunga fundo lililo imara ni jambo linalofundishika kwa dakika chache.

Juma la nne: ukingo. Punguza pamba ilingane na uso wa mfarishi, bitana uiache ilivyo. Kisha ikunje bitana ije mbele, nusu ya upana wake kwanza, halafu tena, ikafunike ukingo wote. Hapo umepata upindo wa inchi 1. Katika kila pembe kunja kwanza ncha ya bitana kwa ndani, ili pembe isiwe nene. Shona upindo kwa mishono midogo iliyo karibu karibu, kwa maana ukingo ndio ushikwao na mikono kila usiku, nao ndio uanzao kuraruka. Ondoa bandi. Fua mfarishi, uuanike uvulini mpaka ukauke kabisa, hata katikati. Mfarishi uliokunjwa ukiwa na unyevu hunuka na kuota ukungu.

Mtaniuliza: Kwa nini kufua kitu kipya? Kwa sababu mbili. Mshono mbovu utajionyesha kwako, wala hautajionyesha kwa maskini. Tena kitu kilichopita mikono mingi na kutandazwa sakafuni hakifai kupewa mtu pamoja na vumbi lake. Wako watu wadhanio ya kuwa mhitaji hapaswi kuchagua, na kwa hiyo chochote kitamfaa. Tusiwe na wazo hilo. Zawadi inayofumuka baada ya majuma mawili humwaibisha aliyeipokea mbele ya jirani zake, nayo humfundisha ya kwamba Kanisa lilimpa kilichobaki.

III. Ikiwa sikukuu imefika na kazi haijaisha

Yatupasa kulisema neno hili waziwazi, maana ndipo penye majaribu. Yuko atakayeshona usiku wa kuamkia Krismasi kwa hasira, watoto wakifukuzwa na chakula kikiachwa, hata asubuhi asiweze kwenda ibadani kwa uchovu. Yuko mwingine atakayeupeleka mfarishi bila ukingo, ili watu waone ya kwamba ameleta. Na yuko wa tatu, naye ndiye aliye mwingi: atasema, Sikukuu imepita, tungoje Krismasi ijayo; naye ataurudisha sandukuni.

Watu hawa watatu wana kosa moja. Wameifanya sikukuu kuwa mwenye mfarishi. Lakini mwenye mfarishi ni jirani. Kwetu Tanzania Krismasi haiji wakati wa baridi. Wakaao Makete na Njombe, na wa milima ya Usambara, na wa miteremko ya Kilimanjaro, wajua ya kuwa baridi ya kweli huja Juni na Julai. Basi mfarishi uliochelewa Krismasi ukamalizwa Januari haukuchelewa kitu kwa ajuza alalaye juu ya ngozi akijifunika kanga moja. Lakini uliorudishwa sandukuni mpaka Desemba nyingine umempita baridi yote ya mwaka. Naye ajuza hana ahadi ya kuiona Desemba hiyo, wala anayeshona hana.

Kwa hiyo twashauri hivi. Usiku wa Krismasi uache sindano, uende ukasikie habari njema pamoja na watu wa nyumba yako. Sikukuu zikipita, utoe mfarishi sandukuni, uwaite wenzako wawili, muumalize, mpeleke siku hiyohiyo. Na kama kuna mama usharikani aliyefariki akaacha mfarishi nusu, au ambaye macho yake hayaoni tena tundu la sindano, wenziwe wakimalizie kile alichokianza. Hilo nalo ni tendo la huruma, tena lina heshima kubwa, kwa maana wawili wanahudumiwa kwa mara moja: aliyeuanza na atakayefunikwa.

IV. Twamaliza kwa ajili ya nani?

Sisi Walutheri yatupasa kujihadhari tusije tukafundisha neno hili kinyume. Mtu asidhani ya kuwa akimaliza mfarishi amejiongezea haki mbele za Mungu, au akishindwa amepoteza wokovu wake. Kazi ya wokovu ilimalizwa msalabani na Bwana mwenyewe, aliyesema neno la kutimia kisha akainama kichwa, kama tusomavyo katika Yohana 19:30. Hakutuachia upindo wa kushona. Dr. Martin Luther alilifundisha jambo hili katika kitabu chake juu ya uhuru wa Mkristo, mwaka 1520: kwa imani Mkristo ni huru, hana haja ya matendo ili apate haki, na kwa upendo amejifanya mtumishi wa watu wote.

Kwa sababu hiyo mikono yetu imefunguliwa. Aliye na deni hushona kwa hofu, akihesabu mafundo yake mbele za Mungu. Aliyesamehewa hushona akimfikiri jirani: Je, mfarishi huu wamtosha mpaka miguuni? Je, fundo hili litashika? Nasi tukichoka katikati ya kazi, tukumbuke faraja ya Wafilipi 1:6, kwamba Mungu aliyeanza kazi njema ndani yetu ataitimiza. Yeye hatuweki sandukuni.

Maswali ya kuulizana

1. Wakorintho walikuwa na nini, na walipungukiwa na nini? Katika usharika wetu ni kazi gani iliyofanana na ile sadaka yao?

2. Wajane wa Yafa walimwonyesha Petro nini? Sisi tukifa leo, watu wataonyesha nini walichopata mikononi mwetu?

3. Kwa nini Paulo asema mtu hukubaliwa kwa kadiri ya alicho nacho? Neno hili lamfariji nani, nalo lamwondolea nani udhuru?

4. Kumaliza kazi ili tuhesabiwe haki na kumaliza kazi kwa ajili ya jirani kuna tofauti gani? Elezeni kwa mfano wa nyumbani.

5. Ni nani kijijini kwetu atakayelala bila kifuniko cha kutosha Juni ijayo? Mtajeni kwa jina katika kikundi, kisha mpange siku ya kukutana na sindano zenu.

Bwana Yesu, aliyelazwa horini akavikwa nguo za kitoto na mikono ya mama yake, aibariki mikono yote ishonayo, naye awafunike wote walalao katika baridi. Amina.